Kusanifu Jengo la Fremu, Ofisi na Makazi Jijini Mbeya: Mwongozo kwa Mwenye Kiwanja

Jengo lenye maduka chini, ofisi katikati na nyumba za kupanga juu limekuwa chaguo la wenye viwanja wengi katikati ya Jiji la Mbeya, hasa maeneo ya Kabwe, Mwanjelwa na Soweto, kwa sababu fremu huanza kuleta kodi mapema na nyumba huendelea kuileta hata biashara ikilegea. Kasoro ya mengi ya majengo haya ni kwamba huchorwa kuanzia chini kwenda juu: fremu huhesabiwa kwanza, ofisi hupewa kinachobaki, na familia zitakazoishi juu huwekwa mahali popote panapobaki. Mwongozo huu unashauri njia ya kinyume. Nguzo, mabomba ya majitaka na ngazi hushuka kutoka juu, na bafu lililowekwa vibaya ghorofa ya nne humtia hasara mwenye duka la vitenge aliye chini kabisa. Chora makazi kwanza, kisha uyashushe hadi barabarani.

Ili maelezo yasibaki hewani, tutumie mfano mmoja: kiwanja chenye upana wa mita 36 mbele na kina cha mita 45, na jengo lenye sakafu ya maduka, ghorofa moja ya ofisi na ghorofa tatu za makazi.

Hatua ya kwanza: soma hati na pima barabara kabla ya kuchora chochote

Hati ya kiwanja hutaja matumizi ya ardhi. Kama imeandikwa makazi pekee, utalazimika kuomba mabadiliko ya matumizi kupitia ofisi ya mipango miji ya halmashauri, na ni busara jambo hilo likamilike kabla hujamlipa mtu kuchora. Katika ofisi hiyohiyo uliza sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, idadi ya ghorofa zinazokubalika katika eneo lako, na umbali wa kuacha kila upande.

Mwenye kiwanja kando ya barabara kuu ya TANZAM ana jambo la ziada. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umewakumbusha wengi kwamba mita hizo si za kufikirika. Pima mwenyewe ukiwa na mpimaji aliyesajiliwa, na usiridhike na kauli kwamba jirani alijenga pale na hakuguswa.

Hatua ya pili: ujue udongo, na ukumbuke kwamba uko kwenye Bonde la Ufa

Mbeya imekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa ya Rukwa na Nyasa yanakutana, chini ya milima iliyojengwa na volkano. Katika maeneo mengi udongo una majivu ya volkano na tabaka za mawe mepesi yenye matundu, ambayo yakikauka huonekana imara na yakilowa huweza kudidimia. Chimbua mashimo ya uchunguzi zaidi ya moja, angalau kwenye pembe na katikati ya jengo, na upeleke sampuli maabara. Gharama ya kazi hii ni ndogo mno ukilinganisha na ya msingi uliopasuka upande mmoja.

Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa yaliyowahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Wengi wetu hukumbuka zaidi lile la Kagera la Septemba 2016, ambalo kwa ukubwa wa 5.9 tu lilibomoa nyumba nyingi za matofali. Jengo la mchanganyiko lina udhaifu wake wa pekee katika suala hili. Ghorofa za makazi zimejaa kuta za tofali zinazozifanya kuwa ngumu, ilhali sakafu ya maduka ni ndefu, iko wazi mbele, na imesimama juu ya nguzo tupu. Ardhi ikitikisika, sehemu ya juu husogea kama sanduku moja na mtikisiko wote huishia kwenye nguzo za chini, ambazo hupinda au hukatika.

Mweleze mhandisi wa miundo jambo hili kwa maneno ya wazi na umwombe akuonyeshe kwenye michoro alivyolishughulikia. Kwa kawaida atazinenepesha nguzo za chini, ataweka pete za nondo zilizokaribiana kwenye ncha za nguzo, yaani pale nguzo inapokutana na bimu, na atajenga kuta za zege kuzunguka ngazi na tundu la lifti kuanzia msingi hadi paa. Kuta hizo zikae karibu na katikati ya jengo. Zikirundikwa pembe moja, jengo litajizungusha wakati wa tetemeko na nguzo za pembe ya mbali ndizo zitakazoumia.

Hatua ya tatu: tafuta kipimo kimoja cha nguzo kinachokubaliwa na wapangaji wote watatu

Hapa ndipo usanifu wenyewe unapoanza. Nguzo ya zege inapaswa kushuka moja kwa moja kutoka juu hadi msingi. Ikiwa nguzo ya makazi itaangukia katikati ya duka, mwenye jengo atadai iondolewe, na mhandisi atalazimika kuweka bimu kubwa ya kuibeba, ambayo ni ghali na huongeza udhaifu uliokwisha kuelezwa.

Umbali wa mita 7.2 kutoka nguzo hadi nguzo hufaa sana. Ukiugawa kwa mbili unapata fremu mbili za upana wa mita 3.6, kipimo ambacho mwenye duka la dawa, wakala wa fedha za simu na muuza nguo wote wanaweza kukitumia. Kwenye ofisi, mita 3.6 ni chumba cha meza mbili. Kwenye makazi, mita 7.2 hutoa sebule ya takriban mita 4 na chumba cha kulala cha karibu mita 3 baada ya kutoa unene wa kuta. Kwa mfano wetu, nafasi nne za mita 7.2 mbele hutupa jengo la mita 28.8, na nafasi mbili kwenda nyuma hutupa mita 14.4, hivyo kila sakafu ina takriban mita za mraba 415. Ukitoa ngazi, ukumbi na kuta, ghorofa moja ya makazi inatosha nyumba nne: mbili za vyumba vitatu na mbili za vyumba viwili. Magari yatakaa uani nyuma, mahali ambapo hakuna nguzo za kuyabana. Sakafu ya chini ya ardhi kwa ajili ya maegesho haishauriwi kwa jengo la ukubwa huu, kwani kuchimba, kuzuia maji na kupata njia ya kushukia magari hula fedha nyingi kuliko nafasi inayopatikana.

Uzito nao hutofautiana. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wengi nchini wamevizoea, sakafu ya makazi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba, ofisi kilo 250 na maduka kilo 400, mbali na uzito wa jengo lenyewe. Maana yake ni kwamba ghorofa ya nyumba haiwezi kugeuzwa stoo ya mchele wa Kyela au ya saruji kwa sababu tu mpangaji mpya ametoa kodi nzuri.

Hatua ya nne: panga makazi kwa kufuata jua, baridi na kelele

Ramani nyingi hunakiliwa kutoka Dar es Salaam, ambako kila mtu hukimbia jua. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na anayeishi Forest au Uyole hahitaji kuelezwa asubuhi ya Julai ilivyo. Njombe, iliyo juu zaidi, hali ni kali kuliko hiyo. Jiji liko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha takriban nyuzi 58. Sebule na vyumba vya watoto vikitazama kaskazini vitapata joto la bure katika miezi ambayo linahitajika, na mwezi Desemba, jua likiwa limehamia kusini kidogo na karibu utosini, madirisha hayo hayatapigwa na jua la mchana.

Ni muhimu, basi, kutoweka kivuli kirefu upande wa kaskazini. Ukingo wa slabu unaotokeza sentimita 60 juu ya dirisha hutupa kivuli cha karibu mita moja ukutani saa sita mchana ya Juni, kiasi cha kuzima sehemu kubwa ya dirisha la kawaida. Vivuli virefu viwekwe mashariki na hasa magharibi, ambako jua la alasiri hupenya chini chini. Kuhusu vioo vya bluu vinavyofunika uso mzima wa jengo, ambavyo siku hizi huchukuliwa kuwa alama ya maendeleo, maoni yangu ni kwamba havifai hapa: huchemsha ofisi saa tisa alasiri na kuigandisha saa moja asubuhi, na fundi wa kuvibadilisha ghorofa ya nne hapatikani kila siku.

Kelele huleta mgongano. Barabara kuu inapita jijini kwa mwelekeo unaokaribia mashariki na magharibi, hivyo viwanja vingi vinavyopakana nayo hutazama ama kaskazini ama kusini. Kiwanja kilicho upande wa kaskazini wa barabara kina bahati, kwa sababu kelele za malori na ubaridi viko upande mmoja wa kusini. Weka huko ngazi, majiko na mabafu, na uelekeze sebule na vyumba kaskazini, kwenye jua na mlima Loleza. Kiwanja cha upande wa pili kinahitaji uamuzi, kwa kuwa jua na kelele huja pamoja. Katika hali hiyo sebule ikae mbele, vyumba vya kulala virudi nyuma, na kuta zake zijengwe kwa tofali nzito zilizopigwa lipu pande zote mbili.

Kila nyumba ipewe pia kibaraza cha huduma chenye upana usiopungua mita 1.2, kilicho wazi kwa hewa, kwa ajili ya mtungi wa gesi, jiko la mkaa na kamba ya kuanikia nguo. Familia nyingi zenye gesi bado huchemsha maharage kwa mkaa, na msanifu asipowapa mahali pa kufanya hivyo watafanya ukumbini au ndani, ambako moshi wa mkaa huua.

Hatua ya tano: shusha mabomba kabla ya kugawa fremu

Weka mabafu na majiko ya nyumba mbili mgongo kwa mgongo, ili bomba moja la kushuka lihudumie nyumba zote mbili, na yalingane katika ghorofa zote tatu. Chini yake, kwenye ghorofa ya ofisi, panga vyoo vya ofisi mahali hapohapo, na sakafu ya chini pawe na vyoo vya wafanyabiashara au stoo, kamwe pasiwe na duka. Mabomba yapite katika shimo la wima lenye mlango wa ukaguzi unaofunguliwa kutoka ukumbini, ili fundi asilazimike kuvunja ukuta wa nyumba ya mtu.

Kama mabafu ya juu na vyoo vya chini havilingani kabisa, ghorofa ya ofisi ndiyo mahali pa kuhamishia bomba, kwa kuwa dari yake ni ya juu na ofisi huwa tupu usiku. Bomba la majitaka linalosafiri kwa ulalo juu ya dari ya duka ni ugomvi unaosubiri tarehe. Mahali ambapo mtandao wa majitaka wa mamlaka haujafika, tenga nafasi ya shimo la maji machafu uani ambapo gari la kunyonya linaweza kufika bila kuhamisha magari ya wapangaji, na kama utapangisha hoteli au mama lishe, weka chemba ya kunasa mafuta kabla ya bomba kuungana na mengine.

Hatua ya sita: ngazi, milango na moto

Wakazi wawe na mlango wao, mbali na wateja wa maduka, ikiwezekana ubavuni mwa jengo. Mama anayerudi saa tatu usiku na mtoto mgongoni hapaswi kupita kwenye ukumbi wa fremu zilizofungwa. Ofisi zinaweza kuwa na mlango wake mbele, kwa kutumia nafasi moja ya mita 3.6, kwa mfano wetu fremu za mbele zitabaki saba, na mwenye jengo asiione hiyo kuwa hasara, maana ofisi isiyo na mlango unaoonekana barabarani haipati mpangaji.

Urefu wa sakafu uamuliwe pamoja na vidato vya ngazi. Mafundi hukosea sana pale kila sakafu inapokuwa na kidato cha kipimo tofauti, na mguu wa mtu hujikwaa kwenye tofauti ya sentimita mbili tu. Ukichagua kidato cha milimita 168, vidato 25 vinakupa sakafu ya maduka ya mita 4.2, vidato 20 vinakupa ofisi ya mita 3.36, na vidato 18 vinakupa makazi ya takriban mita 3.02. Urefu wote watatu unafaa kwa matumizi yake, na fundi anabaki na kipimo kimoja kutoka chini hadi juu. Jenga tundu la lifti hata kama lifti yenyewe itasubiri fedha, na njia ya kiti cha magurudumu kutoka barabarani iwe na mteremko usiozidi kipimo kimoja kwa kumi na mbili.

Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na kila mfanyabiashara wa mjini anajua jinsi moto unavyokimbia kwenye mitumba, magodoro na plastiki. Juu ya bidhaa kama hizo ndipo watu watalala. Kwa hiyo ghorofa za makazi ziwe na ngazi mbili zilizotengana, na walau moja iishie nje moja kwa moja bila kupita ndani ya eneo la maduka. Mlango wa kila ngazi ufunguke kuelekea upande wa kutokea, ukuta wake uwe wa tofali au zege, na nafasi iliyo chini yake ijazwe au izibwe kabisa, kwa sababu ikiachwa wazi itageuka stoo ndani ya mwezi mmoja. Peleka michoro kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, wakati mstari bado unaweza kufutwa.

Hatua ya saba: uso wa maduka

Maduka ya zamani ya Uhindini yana baraza lililofunikwa mbele, na waliojenga vile walizielewa mvua za hapa, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Rudisha fremu ndani mita 2.4 au 3 na uiache ghorofa ya kwanza ifunike njia ya watembea kwa miguu. Wamachinga watakuja hapo. Heri kuwachorea sehemu yao kati ya nguzo na kuacha njia wazi ya mita 1.5 kuliko kugombana nao kila asubuhi. Sakafu ya baraza iinuliwe sentimita 30 hadi 45 juu ya barabara kwa ajili ya maji ya mafuriko, na pawe na ukingo wa kusimamia bajaji bila kuziba lango la uani, ambako ndiko mizigo ishushwe.

Mjini Iringa, ambako mitaa mingi imekaa kwenye mteremko, kiwanja chenye barabara mbili hukupa zawadi: fremu zifunguke mtaa wa chini, na wakazi waingie kutoka mtaa wa juu wakiwa tayari wamefika ghorofa ya kwanza.

Hatua ya nane: maji, umeme na taka

Nyumba 12 zenye watu watano kila moja, kwa lita 80 kwa mtu, zinahitaji lita 4,800 kwa siku. Ofisi na maduka huongeza kama lita 2,000. Akiba ya siku tatu ni tangi la chini la takriban lita 20,000, pamoja na simtanki za lita 5,000 juu. Lita hizo 5,000 zina uzito wa tani tano, hivyo zikae juu ya kuta za zege za ngazi. Paa la mita za mraba 415 likinyeshewa milimita 10 huweza kukusanya zaidi ya lita 3,000, kiasi cha kutosha kusafishia vyoo vya ofisi. Paa la bati lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi lionekane bapa ndilo linalovuja zaidi katika mvua za huku, kwa kuwa mifereji yake ya ndani huziba majani. Ukilitaka kwa ajili ya sura, weka tundu la dharura ukutani ili maji yamwagikie nje.

Kila mpangaji awe na mita yake ya LUKU, na ngazi, pampu na taa za nje ziwe na mita ya pamoja. Chumba cha taka kiwe uani, chenye bomba la maji na mfereji.

Hatua ya tisa: vibali na ujenzi wa awamu

Michoro ya usanifu itolewe na msanifu aliyesajiliwa na bodi yake, ya miundo na mhandisi aliyesajiliwa, gharama zipigwe na mkadiriaji majenzi, na mkandarasi awe wa daraja linaloruhusiwa kwa kazi hiyo. Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam, Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara ndani. Mwenye jengo ndiye mtu wa kwanza anayeweza kukataa ghorofa ya ziada isiyo kwenye kibali.

Wengi hujenga maduka kwanza na kuacha nondo zimechomoza juu wakisubiri fedha. Hilo linawezekana kwa masharti: msingi na nguzo zijengwe kwa uzito wa sakafu zote tano, nondo zilizoachwa zipakwe uji wa saruji na kufunikwa, slabu ya juu iwekewe mteremko na kizuia maji, na kabla ya awamu inayofuata mhandisi azikague nondo hizo na apime zege upya. Kama unakusudia kuuza baadhi ya nyumba, mweleze mwanasheria na mpimaji tangu mwanzo, kwa kuwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila nyumba kuwa na hati yake, na mipaka ya kila sehemu pamoja na maeneo ya pamoja lazima ionekane kwenye ramani.

Ujenzi ukikamilika, dai michoro inayoonyesha jengo lilivyojengwa kweli, ikiwa na mahali mabomba na nyaya zilipopita. Nakala moja ikae kwa msimamizi wa jengo, na kila mkataba wa pango uambatishwe mchoro wa chumba husika wenye rangi mbili: kuta ambazo mpangaji anaweza kuzivunja kwa ruhusa ya maandishi, na zile ambazo haruhusiwi hata kuzitoboa.